Nakuru Haina Ufuo: Watu, Pato na Mipaka ya Hesabu

Ukiuliza jiji la Nakuru lina watu wangapi, utapewa majibu mawili, na yote mawili yametoka katika sensa moja, ile ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Jibu la kwanza ni 570,674, idadi ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) liliitoa kwa eneo lote la mji. La pili unalipata ukijumlisha kaunti ndogo mbili zinazoufunika mji wa zamani kwa sehemu kubwa: Nakuru Mashariki yenye watu 193,926 na Nakuru Magharibi yenye 198,661. Jumla yake ni 392,587. Kati ya jibu moja na lingine wamo watu 178,087, pengo linalokaribia mji mzima wa Naivasha, uliohesabiwa kuwa na wakazi 198,444.

Hakuna aliyedanganya. Mji umevuka mipaka yake. Lanet na Umoja ziko Nakuru Kaskazini, na Kiamunyi imejengwa upande wa Rongai, lakini wakazi wake wanapanda matatu asubuhi kwenda mjini kama watu wa Langa Langa na Kaptembwa. Anayechora mstari kwa kufuata nyumba na barabara anapata 570,674. Anayeufuata mstari wa utawala anapata 392,587. Shida huanza pale mtu anapochukua tarakimu moja na kuilinganisha na ya mwaka 2009, wakati mji ulipohesabiwa kuwa na watu 307,990. Kwa mstari mmoja Nakuru imekua kwa asilimia 85 katika miaka kumi. Kwa mstari mwingine imekua kwa asilimia 27. Nimesikia ile 85 ikisemwa majukwaani kana kwamba ni watoto waliozaliwa na wageni waliohamia, ilhali sehemu kubwa yake ni mashamba ya jana yaliyopewa jina la mji.

Mstari huo una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na wakazi wasiopungua laki 5. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha kiwango hadi laki 2 na nusu. Nakuru ilipopokea hati ya jiji kutoka kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021 na kuwa jiji la nne nchini, ilikuwa imefuzu kwa hesabu yoyote ile. Chini ya sheria ya zamani ingefuzu kwa hesabu moja tu.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo ugonjwa wa takwimu zote za Bonde la Ufa la kati, za watu na za pesa. Wenzetu wa visiwani wana bahati. Zanzibar ilihesabu watu 1,303,569 mwaka 2012 na 1,889,773 mwaka 2022, na mtakwimu wa Unguja au Pemba hana haja ya kubishana na mtu kuhusu hesabu yake inaishia wapi. Inaishia majini. Mgeni anaingia kwa bandari au kwa uwanja wa ndege, na kila mtalii wa kigeni ana muhuri kwenye pasipoti. Sisi hatuna ufuo. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malaba inatupitia katikati, reli inatupitia katikati, na watu wanaingia na kutoka mchana na usiku bila kuandikwa popote. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala. Dereva wa trela aliyelala Salgaa, kando ya barabara hiyo, usiku ule alihesabiwa Salgaa, hata kama mke na watoto wako Changamwe, Mombasa.

Sasa tuitazame kaunti nzima, kwa sababu mipaka yake haijayumba kama ya mji. Wilaya ya Nakuru, ambayo ndiyo kaunti ya leo, ilikuwa na watu takriban 291,000 mwaka 1969. Mwaka 1979 ilikuwa na 523,000, mwaka 1989 ikawa na 849,000, mwaka 1999 ikawa na milioni 1.19. Kisha 1,603,325 mwaka 2009 na 2,162,202 mwaka 2019. Leo ni kaunti ya tatu kwa wingi wa watu baada ya Nairobi na Kiambu, na inawazidi jirani zake wa bonde kwa mbali: Narok ina milioni 1.16, Kericho laki 9, Baringo laki 6 na elfu 67.

Ongezeko lile la kwanza, kutoka 1969 hadi 1979, ni la asilimia 80. Halielezeki kwa uzazi peke yake, hata ukikumbuka kwamba mwanamke wa Kenya wa miaka hiyo ya sabini alikuwa anazaa watoto wapatao wanane kwa wastani. Sababu ilikuwa ardhi. Mashamba makubwa ya walowezi yaliyoachwa baada ya uhuru yalinunuliwa na makampuni ya wanahisa, Ngwataniro na Ndeffo yakiwa maarufu zaidi, na watu wa Mkoa wa Kati wakachanga pesa, wakapanda malori, wakaja kugawana ekari mbilimbili na tanotano Njoro, Bahati, Subukia na Rongai. Wengine walikuwa hapa tayari kama maskwota, vizazi viwili au vitatu wakifanya kazi katika mashamba ambayo hawakuwa na hati yake. Wakipsigis waliingia upande wa Kuresoi na Molo kutoka magharibi. Waluo na Waluhya walikuja kwa reli na viwanda. Kwa hiyo kila tarakimu ya wakazi wa Nakuru ina swali lililofichwa ndani yake: huyu ametoka wapi, na nani anadai kwamba hapa si kwao? Swali hilo lilimwaga damu Molo mwaka 1992, na likamwaga tena mjini Nakuru na Naivasha mwezi Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sensa ya Agosti 2009 ilikuta waliofurushwa bado hawajatulia, baadhi yao wakiishi kwenye mahema. Yeyote anayesoma ile 1,603,325 bila kukumbuka miezi 19 iliyoitangulia anasoma nusu ya habari.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni miaka kumi ya mwisho. Kati ya 1999 na 2009 Nakuru ilikua kwa asilimia 35, na Kenya nzima ilikua kwa kiasi hichohicho, kutoka milioni 28.7 hadi milioni 38.6. Hapo hakuna cha ajabu: tulikwenda na taifa. Kati ya 2009 na 2019 taifa lilipunguza mwendo na kukua kwa asilimia 23, likafika watu 47,564,296. Nakuru haikupunguza. Ilibaki kwenye asilimia 35 ileile. Lau ingekwenda kwa mwendo wa taifa, ingekuwa na watu wapatao milioni 1.975. Waliozidi ni karibu laki 1 na elfu 87. Kuna tahadhari: hesabu ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini ilitiliwa shaka na serikali yenyewe, na kama iliongezwa chumvi huko, basi mwendo wa taifa ulikuwa wa kasi kidogo kuliko unavyoonekana. Lakini hata ukiipunguza ile laki 1 na elfu 87 kwa sababu hiyo, maelfu ya watu wanabaki, na uzazi wa Nakuru hauwezi kuwaeleza. Hawa wamekuja.

Wamekuja vipi? Jibu limo katika nyumba. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na kaya takriban laki 4 na elfu 10. Mwaka 2019 zilikuwa 616,046. Watu wameongezeka kwa theluthi, kaya zimeongezeka kwa nusu. Wastani wa watu katika kaya umeshuka kutoka 3.9 hadi 3.5, wakati wa taifa mwaka 2019 ulikuwa 3.9. Ukipita Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, saa kumi na moja alfajiri, utaiona takwimu hii ikitembea: vijana na akina mama wenye makoti wakitoka katika ploti za vyumba vilivyopangwa mstari, mlango kwa mlango, wakisubiri mabasi ya mashamba ya maua. Chumba kimoja, mtu mmoja, au mama na mtoto mmoja, na watoto wengine wameachwa kwa nyanya yao Kakamega au Kisii. Kila chumba cha namna hiyo ni kaya. Kaunti inayopanga maji, maji taka na shule kwa kugawanya idadi ya watu kwa kiwango cha kitaifa cha kaya itajikuta kila mara imepungukiwa mabomba na imezidisha madawati.

Vivyo hivyo, msongamano wa watu 290 kwa kilomita moja ya mraba, unaopatikana kwa kugawanya wakazi kwa kilomita za mraba 7,462, ni tarakimu ambayo hakuna mtu anayeishi ndani yake. Eneo hilo lina Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kilomita za mraba 188 zenye vifaru na nyati, iliyoshikana ubavu kwa ubavu na mitaa ya jiji. Lina maziwa matatu, msitu wa Mau, na mashamba makubwa kama Soysambu ambayo hayakugawanywa. Ukitoa hayo yote, watu wamebanana katika kilichobaki. Kaunti ndogo ya Naivasha peke yake ina 355,383, na Subukia ina 85,164.

Tukija kwenye uchumi, mstari unazidi kuwa mgumu, kwa maana pesa haina pa kulala usiku wa sensa. KNBS ilichapisha kwa mara ya kwanza pato la kila kaunti mwezi Februari 2019, kwa miaka ya 2013 hadi 2017. Nakuru ilishika nafasi ya pili nchini: asilimia 6.1 ya uchumi wote, nyuma ya Nairobi yenye 21.7 na mbele ya Kiambu yenye 5.5. Baada ya taifa kubadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, Kiambu ilitupita, nasi tukashuka kuelekea asilimia 5. Wengi walilia kwamba Nakuru imeporomoka. Sioni hivyo. Mizani ilibadilishwa, na mzigo ukasoma kilo nyingine.

Chukua ile asilimia 6.1 ya mwanzo. Watu wa Nakuru ni asilimia 4.5 ya Wakenya. Kwa hesabu ya haraka, kila mkazi anazalisha theluthi zaidi ya Mkenya wa kawaida. Mama anayeuza sukuma wiki nje ya soko la Wakulima angeshangaa kuambiwa hivyo, na mshangao wake ungekuwa wa haki. Pato la kaunti hupima thamani iliyozalishwa ndani ya mipaka. Halipimi pesa zilizobaki mifukoni mwa wakazi. Na Nakuru ina bidhaa moja ambayo inazalishwa hapa na kuondoka ikiwa bado moto.

Bidhaa hiyo ni mvuke. Olkaria, katika kaunti ndogo ya Naivasha, ilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Mwaka 2014 na 2015 iliongezewa megawati 280 kwa mpigo, mwaka 2019 ikaja Olkaria V, na mwaka 2022 mtambo mwingine tena. Leo jotoardhi linatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na karibu wote unatoka katika kipande hicho cha ardhi na, tangu mwaka 2023, kidogo kutoka Menengai juu ya jiji. Thamani ya umeme huo inaandikwa Nakuru. Faida inakwenda kwa kampuni za umeme na kwa hazina ya taifa, madeni yanalipwa kwa wakopeshaji wa nje, na taa zinawaka Nairobi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeweka mrabaha wa jotoardhi, na kuugawa hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Hata hiyo 20 ni asilimia 20 ya sehemu ndogo, kwani mrabaha wenyewe hauzidi asilimia 5 ya thamani. Familia za Wamasai zipatazo 150 zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo na kupelekwa mahali panapoitwa RAPland. Katika pato la kaunti, mwaka ule uliandikwa kama mwaka wa neema.

Maua nayo yako karibu na hali hiyo, ingawa kwa haki lazima niseme yanaacha mishahara. Waridi linakatwa Naivasha, linapakiwa Nairobi usiku, kesho yake liko Uholanzi. Kinachobaki ni ujira wa vibarua, kodi ya vyumba vya Karagita na Kihoto, biashara ya vibanda, na ziwa lililotumika. Hivyo ni vitu vya kweli na vimelisha watu wengi. Lakini havilingani na thamani ya maua yenyewe kama inavyoandikwa vitabuni.

Ndiyo maana napendelea kuweka takwimu nyingine kando ya pato. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliwaona maskini Nakuru kuwa asilimia 29.1, dhidi ya 36.1 ya taifa. Tuko nafuu, ndiyo, lakini nafuu hiyo ni ndogo ukikumbuka tulivyosifiwa kuwa uchumi wa pili. Karibu watu watatu katika kila kumi, yaani zaidi ya laki 5 na nusu, hawakuwa na uwezo wa kutosheleza mahitaji ya msingi katika kaunti inayowasha nchi. Na utafiti ule ulipita katika nyumba zipatazo 24,000 nchini kote, wastani wa 500 kwa kila kaunti. Nyumba 500 zinatosha kuizungumzia Nakuru kwa jumla. Hazitoshi kukuambia hali ya Kuresoi Kusini ikoje ukilinganisha na Milimani, na hapo ndipo mpangaji wa bajeti anapohitaji jibu.

Halafu kuna kitendawili cha ajira. Katika miaka ileile watu walipokuwa wakimiminika, viwanda vilivyoupa mji jina vilikuwa vinafifia. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014. Pareto, ambayo Kenya iliwahi kuitawala sokoni duniani na ambayo bodi yake ilikuwa na makao hapa Nakuru, ilianguka kwa sababu wakulima walikaa miaka bila kulipwa, wakang'oa na kupanda viazi. Basi waliokuja walifuata nini? Walifuata biashara ndogo, usafiri, ujenzi, vyuo kama Egerton, na kodi za nyumba. Kati ya kila ajira kumi nchini, zaidi ya nane ziko katika sekta ya jua kali, na hakuna sababu ya kudhani Nakuru ni tofauti. Ajira hizo hukadiriwa. Hazihesabiwi. Fundi wa Kivumbini anayechomelea milango ya geti kwa ploti mpya za Lanet yumo katika pato la kaunti kama kivuli cha sampuli iliyochukuliwa mwaka fulani na kusogezwa mbele kwa kukisia.

Tarakimu hizi zote zingekuwa mambo ya wasomi kama si mgao wa mapato. Mfumo wa kwanza wa kugawa fedha kwa kaunti uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Mwaka 2020 Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoleta mfumo wa tatu, maseneta walibishana hadi Septemba, na msemo uliovuma ulikuwa «mtu mmoja, kura moja, shilingi moja». Wenye watu wengi waliusema kwa sauti, wenye ardhi kubwa na watu wachache waliupinga. Suluhu iliyopatikana iliigawa hoja vipandevipande: watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara 8, miji 5, na 20 sawa kwa wote. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Nakuru ilipata takriban shilingi bilioni 13, ya pili baada ya Nairobi yenye bilioni 19 na ushei. Kiambu, yenye watu wengi kuliko sisi, ilipata bilioni 11.7. Ukiigawa bilioni 13 kwa wakazi, kila mmoja alikuwa na shilingi elfu 6 kwa mwaka, za hospitali, barabara za mashinani, chekechea na mishahara ya kaunti.

Sasa fikiria yule kijana wa Karagita. Kabla ya Agosti 2019 wanasiasa wa sehemu kadhaa za nchi waliwaita watu wao warudi nyumbani wakahesabiwe huko. Akipanda basi kwenda ushago kwa wiki moja, anawaachia wa kwao fungu lake la mgao kila mwaka kwa miaka kumi, na Nakuru inabaki kumtibu, kumsafishia mtaa na kumpa maji bila yeye kuwa kwenye hesabu. Simlaumu. Kwao ndiko atakakozikwa, na ndiko wanakomwita mwenyewe. Huku, baada ya yaliyotokea 2008, si kila mtu ana hakika kwamba anaitwa hivyo. Lakini ni lazima tukubali kwamba sensa ya Nakuru, mbali na kuwa swali la idadi, ni swali la nani anajiona wa hapa.

Ningeiomba KNBS na kaunti mambo machache kabla ya sensa ya 2029. Ramani ya eneo la jiji ichapishwe pamoja na tarakimu yake, na hesabu ya 2019 ipigwe upya kwa mipaka itakayotumika 2029, ili asiwepo tena wa kutuambia tumekua kwa asilimia 85. Pato la umeme lionyeshwe kando ya pato lingine lote la kaunti. Na umaskini upimwe hadi kwenye wadi, hata kama ni kwa wadi chache kila mwaka.

Na kuna ufuo mmoja tulio nao, ule wa maziwa, nao umehama. Tangu 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru lilitanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi 68, likafunika lango kuu la hifadhi na mashamba ya upande wa Barut na Mwariki. Ziwa Naivasha liliingia Kihoto mwaka 2020, likarudi tena mwaka 2025. Watu wakapakia magodoro kwenye mashua na mikokoteni, wakahamia Karagita, mjini Naivasha, Gilgil, au walikotoka mwanzo. Makarani wa sensa, na vishikwambi vyao, walikuwa wamepita Kihoto miezi michache tu kabla ya maji, wakabisha hodi mlango kwa mlango. Katika jedwali la 2019, ambalo ndilo lingali linagawa pesa, watu wale bado wako ndani ya nyumba zile.